DAWA YA NG'OMBE IKIINGIA KINYWANI MWA MBWA

Watu wengi hufuga wanyama wa namna nyingi katika kiwanja kimoja. Ng'ombe hulala zizini, mbuzi hulala chini ya ghala, kuku hupita kila mahali, paka huzuia panya wasile mahindi, na mbwa hulinda nyumba. Wote huokota kilichoanguka chini. Wote hunywa maji wanayoyakuta. Kwa hiyo dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mnyama mmoja huweza kuingia kinywani mwa mwingine, wala hakuna mtu aliyekusudia.

Hivi ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Leo ng'ombe wamepewa dawa ya minyoo au wameoshwa kupe. Kesho mbwa anatetemeka kando ya zizi, mate yanamtoka. Wenye nyumba wanasema: "Amelogwa," au, "Jirani amemtilia sumu." Maneno huanza, na watu wa boma moja huacha kusalimiana. Lakini pengine hakuna aliyemloga wala aliyemtilia sumu. Amelamba dawa ya ng'ombe.

Soma somo hili polepole, kisha uwasomee watu wa nyumba yako. Yanayompata mbwa yanaweza kumpata mtoto pia, maana naye huokota na kutia kinywani.

KWA NINI DAWA HUGEUKA KUWA SUMU?

Sababu ya kwanza ni kipimo. Dawa haina nguvu moja kwa kila mwili. Nguvu yake hutegemea ukubwa wa mwili unaoipokea.

Tuangalie dawa iitwayo ivermektini. Watu wengi wa Kongo wanaijua kwa jina la Mectizan, yaani vidonge vinavyogawanywa vijijini kwa ajili ya ugonjwa wa upofu wa mtoni. Dawa hii ilianza kuuzwa kwa ajili ya wanyama mwaka 1981, na mwaka 1987 kampuni iliyoitengeneza iliahidi kuitoa bure kwa watu wenye ugonjwa huo. Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walioivumbua, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa njema sana. Lakini unakumbuka namna wagawaji wanavyofanya? Hawatoi vidonge kwa kukisia. Humsimamisha kila mtu karibu na fimbo ya kupimia urefu, ndipo wajue kiasi kinachomfaa.

Sasa fikiri juu ya ng'ombe. Chupa ya ivermektini ya sindano mara nyingi ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Basi ng'ombe wa kilo 250 hupata mililita 5, yaani miligramu 50. Tuseme mililita hizo 5 zimemwagika sahanini, na mbwa wa kilo 10 akazilamba. Amepata miligramu 50 zile zile, lakini mwili wake ni mdogo mara 25. Kila kilo ya mwili wake imepokea dawa mara 25 kupita kilo ya ng'ombe. Kiasi hicho huweza kumlevya, kumpofusha kwa siku kadhaa, kumwangusha, hata kumwua.

Sababu ya pili ni kwamba miili haifanani ndani. Ini ndilo linalovunja dawa nyingi ili zitoke mwilini. Ini la paka halina nguvu ya kuvunja dawa nyingine ambazo ini la mbwa au la mtu huzivunja vizuri. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500, ambacho mtu mzima hukimeza kwa sababu ya kichwa kumwuma, huweza kumwua paka. Vivyo hivyo permetrini, dawa ya viroboto na kupe. Mbwa hupakwa na kubaki mzima; paka akipakwa dawa hiyo hiyo ya mbwa, au akiilamba, hutetemeka mwili wote na kushikwa na kifafa.

Tena kuna simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa jikoni, ambao wengi huwaita kobayi. Penisilini na amoksisilini huponya watu wengi. Lakini simbilisi akizila, huua vijidudu vyema vilivyomo tumboni mwake, na vibaya hushika mahali pao. Huharisha, na kwa siku chache hufa. Sungura pia huweza kufa hivyo.

Hata mbwa na mbwa hawafanani. Jamii nyingine za mbwa wa kuchunga kondoo, kama collie, mara nyingi huzaliwa na kasoro ya urithi. Ndani ya kila mbwa mna kizuizi kinachokataza ivermektini isiingie ubongoni. Kwa hao kizuizi hicho hakifanyi kazi. Kiasi kidogo ambacho mbwa wengine hukivumilia huwalaza hao bila fahamu. Wataalamu walitambua chanzo cha kasoro hiyo mwaka 2001.

Basi, usiseme, "Ikiwa haikumdhuru ng'ombe mkubwa, itamdhuruje mbwa?" Maneno hayo yamepoteza wanyama wengi.

DAWA HUPITA NJIA GANI?

1. Kidonge kilichotemwa. Vidonge vya minyoo vya ng'ombe ni vikubwa. Kimoja cha albendazoli huweza kuwa na miligramu 2500, lakini mtu mzima hupewa miligramu 400 tu. Ng'ombe hukishika shavuni, na ukigeuka hukitema majanini. Mbwa hukiokota. Albendazoli nyingi huharibu mahali damu inapotengenezwa ndani ya mifupa ya mbwa na ya paka. Ugonjwa huo hauonekani siku ile ile; baada ya siku kadhaa mnyama hudhoofika na homa humshika, na mwenye nyumba amekwisha kusahau habari ya kidonge.

2. Maji ya kuoshea kupe. Amitrazi huuzwa ikiwa kali, na mara nyingi mililita 2 hutiwa katika lita 1 ya maji. Maana yake, dawa iliyo chupani ni kali mara 500 kuliko ile unayoipiga kwa pompi. Kazi ikiisha, beseni hubaki na maji kidogo, nayo chupa huachwa wazi juu ya jiwe. Mbwa aliyechoka na jua hunywa. Na ukimwaga mabaki mtoni, jua kwamba dawa nyingi za kupe, hasa zile za jamii ya permetrini, huua samaki upesi.

3. Ulimi. Paka hujisafisha kwa ulimi mchana na usiku. Akipita chini ya ng'ombe aliyemwagiwa dawa mgongoni, au akilala pamoja na mbwa aliyepakwa dawa mbichi, manyoya yake huibeba, kisha huilamba. Mbwa mwenye watoto hujilamba hivyo hivyo, na watoto hunyonya penye dawa.

4. Mavi na mizoga. Dawa haimalizi safari yake ndani ya ng'ombe. Ivermektini nyingi hutoka pamoja na mavi, na mbwa wengine hula mavi ya wanyama waliopewa dawa. Nayo nyama ya mnyama aliyekufa akiwa na dawa mwilini huibeba dawa hiyo mpaka tumboni mwa yule anayeila.

Mambo yaliyotokea India yanatuonyesha jambo hili waziwazi. Huko wafugaji walizoea kuwapa ng'ombe wao wagonjwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo watu pia huitumia. Ng'ombe walipokufa, mizoga iliachwa nje, na tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga, waliila kama desturi yao. Diklofenaki huharibu figo za ndege hao. Kati ya mwaka 1992 na 2007, tumbusi wa jamii moja walipungua hata katika kila 100 hakubaki hata mmoja kamili. Kwanza watu walidhani ni ugonjwa. Mwaka 2004 sababu ikatangazwa, na mwaka 2006 serikali ya India ikakataza dawa hiyo isitengenezwe kwa ajili ya ng'ombe. Dawa iliyotolewa kwa nia njema ilikaribia kumaliza jamii nzima ya ndege, nao ndio waliokuwa wakisafisha nchi.

5. Mkono wa mwenye nyumba. Hii ndiyo njia inayosikitisha kuliko zote. Dawa imebaki kidogo, mtu anaona si vizuri kuipoteza. Anampaka paka dawa ya ng'ombe, au anampiga mbwa sindano iliyobaki. Hakununua sumu, alitaka kusaidia. Lakini mwili haujui nia ya mtu. Hujua kipimo tu.

ISHARA ZA MNYAMA ALIYEMEZA DAWA ISIYO YAKE

Ishara hutofautiana kwa kadiri ya dawa. Zikumbuke hizi:

- Ivermektini: huyumba kama mlevi, mboni za macho hupanuka, hugonga vitu kama kipofu, hutetemeka, halafu hulala na haamki.
- Amitrazi: husinzia, mwili huwa baridi, moyo hupiga polepole.
- Permetrini kwa paka: masikio na ngozi hurukaruka, hutetemeka, kisha kifafa.
- Dawa za kupe na wadudu za jamii ya fosforasi: mate na machozi mengi, kuharisha, mkojo hutoka wenyewe, mboni hubana, misuli hurukaruka, kupumua kwa shida.
- Parasetamoli kwa paka: fizi hugeuka rangi ya udongo au buluu, uso huvimba, hupumua upesi.

JIHADHARI: INAWEZA KUWA KICHAA CHA MBWA

Angalia vizuri hapa, kwa kuwa ni jambo la uhai wa mtu. Mbwa anayetokwa na mate, anayeyumba na kutetemeka, huweza kuwa amemeza dawa. Lakini huweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukikwisha kuonekana ndani ya mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo, usitie mkono wako kinywani mwa mbwa wa namna hiyo, hata kama umemfuga tangu alipokuwa mdogo. Usiwaache watoto wamkaribie. Kama hukuona kwa macho yako akilamba dawa, mhesabu kuwa na kichaa mpaka mganga wa wanyama aseme sivyo. Mfungie mahali pasipo watu.

Akikuuma, au mate yake yakigusa kidonda chako, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa au atapona.

UFANYE NINI?

Ukiwa na hakika kwamba mnyama amemeza au amepakwa dawa isiyo yake, fanya hivi:

1. Mwondoe penye dawa, na uwaondoe wanyama wengine pia. Wengine huenda wamekula, ila ishara bado hazijaonekana.

2. Kama dawa iko juu ya manyoya, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, ukamwoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Mkaushe asipate baridi.

3. Ichukue chupa au karatasi ya dawa. Usiitupe. Jina lililoandikwa hapo ni la thamani kubwa, kwa kuwa sumu mbili zinaweza kutaka matibabu yasiyopatana. Atropini humsaidia mnyama aliyekunywa dawa ya jamii ya fosforasi, lakini humzidishia shida aliyekunywa amitrazi. Mganga asipojua jina, hutibu gizani.

4. Mpelekee mganga wa wanyama upesi, au umpigie simu. Mwambie mambo manne: jina la dawa, kiasi kilichopotea, saa ilipotokea, na uzito wa mnyama kwa kadiri unavyoujua. Akipelekwa mapema, wengi hupona. Mganga anaweza kutuliza kifafa, kutia maji mwilini, na kutoa makaa maalumu yanayoshika sumu tumboni. Makaa ya jikoni siyo hayo.

5. Akiwa na kifafa au usingizi mzito, mlaze ubavu mahali penye giza na utulivu. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza. Usimshike kwa nguvu.

USIFANYE NINI?

Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Watu wengi huamini kwamba mafuta hukata sumu. Hayakati. Dawa nyingi za kupe na za minyoo huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo mafuta huweza kuzisaidia kuingia mwilini. Tena mnyama anayetetemeka hamezi vizuri; mafuta hupita njia ya pumzi na kuharibu mapafu.

Usimtapishe kwa chumvi. Chumvi nyingi ni sumu ya pili. Usimtapishe kwa kidole, maana atakuuma, nayo dawa ikirudi huweza kuingia mapafuni.

Usimpe dawa nyingine ya kukisia ili ishindane na ile ya kwanza.

KAMA NI MTOTO

Mtoto akimeza dawa ya mnyama, au akinywa maji ya kuoshea kupe, usingoje ishara. Usimtapishe. Usimpe mafuta wala maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, umlete hospitali mara moja pamoja na chupa ya dawa. Ni afadhali kuja mara kumi bila sababu kuliko kuchelewa mara moja.

Usifiche habari kwa kuogopa lawama. Muuguzi hakuulizi ili akuhukumu. Anakuuliza ili ajue dawa gani itamwokoa mtoto.

NAMNA YA KUZUIA

Katika torati ya Musa iko sheria juu ya mtu aliyechimba shimo asilifunike. Ng'ombe au punda wa mwenzake akitumbukia, mwenye shimo ndiye aliyepaswa kulipa. Chupa ya dawa iliyoachwa wazi ni shimo lisilofunikwa. Wanyama na watoto hawawezi kusoma maandishi ya chupa. Wewe unaweza. Kwa hiyo kazi ya kulifunika shimo ni yako.

1. Weka dawa zote za wanyama katika sanduku lenye kufuli, juu, mbali na chakula.

2. Usihamishe dawa kutoka chupa yake kwenda chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Watoto wengi wamepatwa na msiba kwa njia hii.

3. Siku ya kutoa dawa, wafunge mbwa na uwafungie paka mpaka kazi yote iishe na manyoya ya ng'ombe yakauke.

4. Ukimpa ng'ombe kidonge, shika taya lake mpaka uone amemeza. Kisha tazama chini. Hesabu vidonge kabla ya kuanza na baada ya kumaliza.

5. Pima dawa kwa chombo cha kupimia, si kwa kifuniko wala kwa macho. Chombo hicho kisirudi jikoni.

6. Mabaki ya maji ya kupe yamwagwe katika shimo lililochimbwa mbali na kisima na mto, kisha lifukiwe. Chupa tupu itobolewe na kupondwa, isitumiwe tena kwa mafuta wala kwa maji.

7. Mnyama aliyekufa akiwa na dawa mwilini azikwe chini sana, mbwa wasimfukue. Nyama yake isiliwe na watu wala wanyama. Na ng'ombe aliyepewa dawa akiwa mzima, usimchinje wala usinywe maziwa yake mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zimalizike.

8. Usimpe mnyama yeyote dawa ya mnyama mwingine, wala dawa ya mtu, bila kumwuliza mganga wa wanyama. Wala mtu asimeze dawa ya ng'ombe kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Yaliyosemwa juu ya kipimo cha mbwa ni kweli kwako pia.

Chupa ya dawa ya ng'ombe ina bei, na mfugaji hapendi kuona tone moja likipotea. Lakini tone lililobaki, likiwekwa mahali pabaya, huweza kukugharimu mlinzi wa nyumba yako, au kitu kilicho na thamani kupita mbwa na ng'ombe wote. Funika chupa kwanza, ndipo unawe mikono.

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Mbwa wa kilo 10 akimeza kipimo cha ng'ombe wa kilo 250, kila kilo ya mwili wake imepata dawa mara ngapi kuliko inavyopaswa kwa ng'ombe?
2. Kwa nini dawa ya viroboto ya mbwa isitumiwe kwa paka?
3. Kwa nini mafuta ya mawese si dawa ya sumu?
4. Mbwa anatokwa na mate na kuyumba, nawe hukumwona akilamba dawa. Utafanya nini kwanza?
5. Chupa za dawa ya kupe nyumbani kwako ziko wapi sasa hivi? Nenda ukatazame.